Siti ya mlima, kwenda na kurudi?

SWALI: Nampeleka mama Nairobi mwezi Agosti. Tunaondoka Mombasa saa moja asubuhi, na tunarudi siku ya pili yake saa kumi na moja jioni. Hajapanda ndege maishani na hamu yake ni kuuona Kilimanjaro. Anayetukatia tiketi anasema upande wa mlima ni kushoto, siti A, na tumwongeze pesa atuwekee A kwenda na kurudi. Tumpe? – Msomaji, Kisauni

JIBU LA RUBANI: Msimpe hata shilingi, dada. Kwenda amesema kweli, kurudi anawauzia upande ambao mlima haupo.

Hakuna jambo linalonichosha kama huu “upande wa mlima”, kana kwamba mlima umepakwa rangi ubavuni mwa ndege. Siti A iko kushoto ukiwa umeelekea kichwa cha ndege, basi. Kutoka Mombasa tunaelekea kaskazini magharibi, na Kilimanjaro unabaki kusini ya njia yetu, mkono wa kushoto. Tukigeuza kurudi, mlima uko palepale Tanzania, sisi ndio tuliogeuka, kwa hiyo uko kulia. Video za “kaa A daima” zimewatazamisha watu wengi nyika ya Yatta saa nzima.

Asubuhi kaeni kushoto, na mama awe dirishani. Aanze kutazama safari ikishapita nusu, maeneo ya Mtito Andei na Kibwezi. Saa hizo jua liko nyuma yenu na linaumulika mlima vizuri. Kukiwa na mawingu msikate tamaa: kilele kina mita 5,895 na mara nyingi huchomoza juu yake, Kibo, kilele chenyewe, akiwa mpana na mweupe kidogo, na Mawenzi, kilele cha pili, pembeni akiwa na meno meno. Ila mwambieni mapema kwamba ni mbali, kama kilomita 100 kutoka njia ya moja kwa moja. Zile picha za kreta iliyojaa dirisha zima hupigwa katika njia nyingine, kama ya Nairobi kwenda Dar es Salaam, inayopita karibu zaidi.

Kurudi jioni, mimi ningeusahau mlima. Mawingu ya mchana yanakuwa yameshaukumbatia, na jua la magharibi liko upande huohuo wa kulia. Tazameni mji. Na hapa hata wajuaji wa kushoto na kulia huteleza, kwa sababu upande wa mji huamuliwa na upepo. Ndege hutua ikiukabili upepo. Agosti ni kusi, upepo wa kusini, kwa hiyo kwa kawaida tunaingia kutoka kaskazini mashariki, na Nyali na kisiwa vinakuwa kushoto. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, Januari hivi, tunaingia kutoka upande wa Kwale, kusini magharibi, na kisiwa na Kilindini vinahamia kulia. Kwa hiyo hiyo A yenu ya jioni huenda ikawafaa, lakini aliyewauzia hajui kwa nini.

Upande peke yake hautoshi. Katika jeti, anayekaa katikati ya ndege, usawa wa mabawa, huona bawa tu, na nyuma ya injini hewa ya moto huitetemesha picha. Boeing 737 ina mahali karibu na bawa ambapo ukuta hauna dirisha kwa sababu ya mabomba ya hewa, na siti yake bado huuzwa kama ya dirishani. Ndege ya pangaboi yenye mabawa juu ina nafuu, unatazama chini yake.

Na hao mawakala wa simu, wanaotaka pesa ya “siti maalum” kwa namba binafsi: siti hutolewa na shirika la ndege lenyewe, kwenye tovuti yake au kaunta, na kama kuna malipo utapewa risiti yake. Ndege ikibadilishwa asubuhi ile, ahadi ya wakala haina pa kukaa. Kibaya zaidi, wengi huomba namba ya buking na jina la ukoo. Mwenye viwili hivyo anaweza kuifungua safari yako, akaibadilisha au hata kuifuta. Kama mlishampa, piga simu shirika leo, hakikisheni namba ya simu na barua pepe zilizo kwenye buking ni zenu, kisha chagueni siti wenyewe.