Matembezi ya mama mwenye magoti mabovu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mama yangu ana miaka 68, magoti yanamsumbua, lakini anatamani sana kutembea penye kijani. Milima ya Lushoto haiwezi tena. Tumpeleke wapi humu humu mkoani?
Binti wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpelekeni Mombo, kwenye mashamba ya mpunga. Pandeni basi la Lushoto, mshuke kabla halijaanza kupanda mlima. Laleni hapo, maana ikifika saa 4 asubuhi jua la Mombo linachoma. Saa 12 na nusu muwe mmeshaanza.

Mfereji wa umwagiliaji huchimbwa kufuata usawa wa ardhi, ukishuka kidogo kidogo ili maji yajiendee yenyewe. Kwa hiyo anayepita juu ya tuta lake hakutani na mwinuko. Marehemu mama yangu nilimtembeza pale mwendo wa saa moja, tukatumia tatu! Kila lango la maji alisimama kuuliza leo ni zamu ya nani. Upande mmoja yangeyange kwenye majaruba, upande mwingine Usambara imesimama kama ukuta, ukungu ukiwa bado haujainuka.

Waombeni wakulima njia, na msikanyage kingo za majaruba. Zikibomoka, maji ya mtu yanapotea. Wajukuu wasiingie majini hata kidogo: maji ya polepole hukaa konokono wa kichocho. Aprili acheni, masika tuta huteleza.

Mbebeeni fimbo na kigoda.