Kwa wewe unayeanza mazoezi ya dansi ya mwalimu aliyekwisha kufariki

Karibu kundini. Umekubali kucheza kwenye onyesho la kumkumbuka mtunzi wa dansi ambaye huenda hukuwahi kumwona kwa macho, na pengine hujapanda jukwaani hata siku moja. Nimeshiriki maonyesho ya namna hii mara kadhaa, kwanza nikiwa safu ya nyuma, baadaye nikimsaidia anayefundisha. Yapo mambo ambayo laiti ningeambiwa mapema, nisingewapotezea wenzangu majuma mazima.

Kubwa kuliko yote ni hili: mtunzi wa dansi akiondoka, kazi yake hubaki kwenye miili ya waliomchezea. Mshairi huacha karatasi. Mchoraji huacha picha ukutani. Mtunzi wa dansi huacha watu, na watu huzeeka, huhama, husahau. Ni kweli zipo alama za kuandikia dansi; Rudolf Laban, mtunzi na mwananadharia wa dansi, alichapisha mfumo wake mwaka 1928, na wapo wataalamu wanaousoma kama mpiga kinanda asomavyo nota. Ila kundi la kijamii kama lako kwa kawaida halina mtaalamu huyo. Lina video moja au mbili zilizopigwa kutoka mwisho wa ukumbi, na lina watu wawili watatu waliokuwepo. Mgeni hukimbilia video kwa sababu iko kwenye simu na haichoki kurudiwa. Nakusihi uanze na watu.

Nitakueleza yaliyotupata. Tulijifunza kipande kizima kutoka kwenye video. Mahali fulani mchezaji wa pembeni anainama ghafla, anagusa sakafu kwa kiganja, kisha anainuka. Tuliona ni pazuri sana. Tukawafundisha watu wote wa upande ule, wakainama pamoja, wakagusa pamoja. Siku moja mama mmoja aliyecheza zamani akaja kututazama. Alitulia hadi mwisho, kisha akasema taratibu: "Pale ni mimi. Usiku ule niliteleza." Majuma matatu tulikuwa tunafanya mazoezi ya kuteleza kwake.

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye siku ileile. Kwenye video hiyohiyo safu ya pili inaanza nusu pigo nyuma ya safu ya kwanza. Tulidhani walichelewa, tukanyoosha, tukawafanya wote waanze pamoja. Mama yule akatikisa kichwa. Mwalimu ndiye aliyetaka wachelewe, alisema, kwa sababu safu ya kwanza imepata habari na ya pili inaipokea kutoka kwao. Kwa hiyo kosa tulilitunza na kusudi tukalifuta. Video haiwezi kukuambia lipi ni lipi. Imeshika usiku mmoja tu, pamoja na viatu vyake vilivyoteleza.

Kuna mitego mingine ya video. Kamera imekaa upande wa watazamaji, kwa hiyo mkono wa kulia wa mchezaji uko kushoto kwako. Ukisimama mbele ya skrini kama unayejitazama kwenye kioo, utajifunza dansi nzima kinyume, na kuigeuza baadaye ni kazi kuliko kujifunza upya. Kamera pia humfuata anayecheza peke yake mbele, na safu za nyuma zikapotea kabisa. Itumie video kukumbusha mpangilio na muda. Maana ya hatua kaiulize kwa mtu.

Na kuuliza kwenyewe kuna namna yake. Ukimkalisha mzee wa kundi kwenye kiti ukamuuliza, "Baada ya hapa hatua gani inafuata?" mara nyingi atakuambia amesahau, naye atajisikia vibaya. Mwekee muziki, tena kuanzia mwanzo wa kipande, asimame hata kama ataonyesha kwa mikono tu. Mwili hukumbuka kwa mfululizo. Ukimkatisha katikati uzi unakatika. Muulize pia, "Mwalimu aliwaambia nini mlipofika hapa?" Maneno ya mazoezini hukaa kichwani kuliko hatua: beba kama kitu kizito, sikiliza kabla ya kugeuka, usiwahi. Neno moja kama hilo hunyoosha mwili wa mgeni kuliko kurudia hesabu ya nane mara hamsini. Omba ruhusa, kisha mrekodi sauti.

Utakuta wazee wawili hawakubaliani. Mmoja anageukia kulia, mwenzake anaapa ilikuwa kushoto. Usiamue wewe, wala usiwashindanishe. Watunzi wengi hubadilisha kazi zao kila wanapopata wachezaji wapya, kwa hiyo wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa mwaka wake. Andika yote mawili, pamoja na mwaka na jina la aliyekueleza, umpelekee anayeongoza mazoezi. Uamuzi ni wake.

Wageni wengi pia huja na hofu kwamba miili yao itaiharibu kazi ya marehemu: "mimi nina miaka sitini", "mimi sirefuki namna ile". Pina Bausch, mtunzi Mjerumani aliyefariki mwaka 2009, alitunga Kontakthof mwaka 1978 kwa wachezaji wa kundi lake. Mwaka 2000 aliwapa kazi hiyohiyo watu wa zaidi ya miaka 65 ambao hawakuwa wachezaji wa kulipwa, na mwaka 2008 ikachezwa na vijana wa shule. Alifanya hivyo akiwa hai, kwa hiari yake. Tofauti ya mwili si kosa. Lakini usirekebishe kimyakimya. Kama goti lako haliruhusu mruko, uliza kiini cha mruko huo ni nini: ni kimo, au ni ule mshindo wa kutua? Kama ni mshindo, unaweza kuutoa ukiwa umesimama. Kama ni kimo, labda mikono ipande badala ya miguu. Swali hilo nimeliona likiwapa watu nafasi waliyodhani hawana.

Kuhusu ruhusa nitasema kwa kifupi, japo ni jambo zito. Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, unaitaja dansi miongoni mwa kazi zinazolindwa na hakimiliki, na ulinzi huo kwa kawaida hudumu angalau miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Kwa hiyo kumpenda marehemu hakutoshi. Lazima pawe na maandishi kutoka kwa familia au kwa wanaosimamia kazi zake, na muziki una ruhusa yake ya peke yake. Martha Graham, mtunzi wa dansi Mmarekani, alifariki mwaka 1991 na dansi zake zikaishia mahakamani. Mwaka 2002 hakimu aliamua kwamba nyingi ni za taasisi yake, si za mtu aliyemrithisha kwenye wosia. Merce Cunningham, naye mtunzi Mmarekani, aliacha mpango. Baada ya kifo chake mwaka 2009 kundi lilizunguka kwa mara ya mwisho, likavunjwa tarehe 31 Desemba 2011, na kazi zake zikabaki chini ya wadhamini. Wewe mgeni hudaiwi kutafuta hati hizo, ila usirushe vipande vya mazoezi mtandaoni kabla kiongozi hajakuambia ruhusa ipo.

Kisha kuna machozi. Siku moja katikati ya mazoezi mtu atasimama tu, ashindwe kuendelea, kwa sababu hatua ile alifundishwa na marehemu akiwa amemshika bega. Usipige makofi, wala msimzingire wote. Zimeni muziki, mnywesheni maji, mmoja aliye karibu naye akae naye, kisha anzeni tena mwanzo wa kipande pale atakapokuwa tayari. Nawe usijilazimishe uso wa huzuni jukwaani. Hukumjua, na watazamaji waliomjua wataona. Kazi yako ni kutimiza hatua kwa uzito wake, na hilo linatosha kabisa kumheshimu.

Mengineyo utayaokota njiani: pasha misuli moto kila siku hata ukichelewa, zoea sakafu ya ukumbi wenyewe mapema, yajaribu maleba, yaani mavazi ya jukwaani, ukiwa unacheza badala ya kusimama.

Onyesho likiisha, usiliache juma lipite. Kaa na daftari uandike ulichocheza, ulichoambiwa, na nani alikuambia, kwa maana sasa nawe ni mmoja wa waliokuwepo. La kwangu la onyesho lile bado ninalo. Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu nyekundu, pameandikwa: "Safu ya pili ichelewe nusu pigo. Msiinyooshe."