Hatua ya sifuri siyo kutembea na mpira

Mdogo wangu, umeuliza kama ulikosea kwenye ile mechi ya kikapu uliyochezesha, kupuliza filimbi ya kutembea (yaani kupiga hatua nyingi mno na mpira mkononi) pale jamaa alipodaka pasi akiwa mbioni, akapiga hatua "tatu" akafunga. Kwa ulivyoelezea, umemwonea. Toka Oktoba 2017 sheria ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, inasema mguu ulioko chini wakati anaukamata mpira hauhesabiwi, hiyo ni sifuri, halafu ndo moja, mbili, na mpira uwe umetoka kabla hajakanyaga tena. Sasa marefa wengi, hata mi nilivyoanza pale viwanja vya JMK Park, Dar, tunaangalia mpira tu, mashabiki wakipiga kelele "katembeaa!" filimbi ishalia. Angalia miguu bwana, na kwanza ujue mpira umetulia lini mkononi, maana kama bado unamchezacheza vidoleni hesabu haijaanza.

Ila akiwa amesimama hiyo sifuri hana, akitaka kudunda lazima mpira utoke mkononi kabla hajanyanyua mguu wa egemeo, yaani ule anaotakiwa kuubakiza chini, na hapo ndo wajanja wa mtaani wanaiba kila siku, we puliza tu. Akidondoka akateleza na mpira muache, akijaribu kusimama nao ndo kosa.