"Tazama mapokezi, tazama mlangoni"

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nasafisha vyumba katika hoteli moja hapa Ohio, Marekani. Wasafishaji wote ni wanawake Weusi. Nafasi ya mapokezi ikitokea, anapewa dada wa Kizungu. Ya kupokea mizigo na magari, kaka Mweusi. Nilipouliza, meneja akasema hoteli haibagui wanawake, tazama mapokezi. Wala haibagui Weusi, tazama mlangoni. Mume wangu naye ananiambia haki za wanawake ni mambo ya Wazungu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jibu la meneja wako limenikera, maana si jipya. Emma DeGraffenreid na wenzake wanne, wote wanawake Weusi, waliishtaki General Motors, kampuni ya kutengeneza magari, kuhusu kiwanda chake cha St. Louis. Kabla ya 1964 kampuni haikuwa ikiajiri wanawake Weusi. Wa Kizungu walikuwamo, maofisini. Wanaume Weusi walikuwamo, kiwandani. Uchumi ulipodorora miaka ya 1970, wafanyakazi wakapunguzwa kwa kuanzia na walioingia mwisho. Na ni nani walioingia mwisho, kama si wale waliofungiwa mlango miaka yote? Mwaka 1976 jaji akasema wanawake wameajiriwa, kwa hiyo jinsia si hoja. La rangi wakajiunge na kesi nyingine. Kuyashika yote mawili pamoja, akawakatalia.

Mwanasheria Kimberlé Crenshaw, naye mwanamke Mweusi, aliichambua kesi hiyo mwaka 1989, akaonyesha jinsi watu kama wewe wanavyoachwa katikati. Mwambie mumeo hivyo. Mwambie pia kwamba wanawake Weusi wa Boston, kundi la Combahee River Collective, waliandika mwaka 1977 kuwa wanapigana bega kwa bega na wanaume Weusi dhidi ya ubaguzi wa rangi, huku wakikabiliana nao kuhusu ukandamizaji wa wanawake. Hawakumtupa mtu.

Sasa, kazi. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Texas, ilikubali kuwa mwanamke Mweusi anaweza kubaguliwa hata kama wanaume Weusi na wanawake Wazungu hawabaguliwi. Kwa hiyo andika: nafasi gani ilitoka, tarehe gani, nani aliomba, nani alipewa, meneja alisema nini. Peleka malalamiko EEOC, tume ya serikali inayoshughulikia ubaguzi kazini. Usichelewe: muda ni siku 180 tangu unyimwe nafasi, au 300 katika majimbo mengi. Sheria inakataza kukuadhibu kwa kulalamika. Na zungumza na wenzako wa vyumbani kwanza, mwende pamoja.