Goma hadi Bukavu kwa tanga, usiku kucha: boti na watu waandaliwe vipi?

SWALI: Sisi ni marafiki watano wa Himbi, Goma. Tuna boti ya tanga ya fiberglasi, mita 8, mlingoti wa alumini, na motere ya esansi (petroli) ya farasi 8. Wenzetu wa Bukavu wana boti ya ukubwa huohuo. Tumekubaliana kushindana kutoka Goma hadi Bukavu mwezi wa kumi, tuondoke jioni. Wawili tu kati yetu wamewahi kuendesha tanga usiku. Tuanze wapi?

JIBU: Ndugu zangu, kabla ya kununua hata kamba moja, badilisheni tarehe. Mwezi wa kumi mvua zimeshashika, na ziwa letu halina mzaha na radi. Vipimo vya satelaiti vilivyochapishwa 2016 viliiweka Kabare, hapo jirani na Bukavu, nafasi ya pili duniani: radi zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba. Shindaneni kati ya Juni na Agosti, usiku ulio karibu na mwezi mpevu. Mtaweza kuona wingu likija, na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hupungua mbalamwezi ikiwaka, maana taa zao hazivuti samaki vizuri. Ile mitumbwi yao mitatu iliyoungwa kwa miti inachukua nafasi kubwa kuliko taa inavyoonyesha, na wavu uko chini. Piteni mbali nayo. Wao wako kazini, nyinyi mko mchezoni. Tena ulizeni bandarini kama safari za usiku zinaruhusiwa. Zikiwa zimefungwa, ondokeni alfajiri na mlale kisiwani Idjwi.

Umbali kwa maji ni kama kilomita 100. Upepo wa Kivu mara nyingi ni hafifu, kwa hiyo hesabuni kilomita 6 kwa saa, yaani saa 17, na mjiandae kwa saa 24. Msisahau pia kwamba tuko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko pwani, na motere yenu ya farasi 8 inafanya kazi kama ya 7. Upepo ukifa kabisa mkalazimika kurudi au kumalizia kwa motere, ni mwendo wa saa 12 hivi kwa lita 2 hadi 2.5 kila saa. Bebeni lita 40. Esansi ya kadhafi, yaani ya wauzaji wa barabarani, iacheni itulie nusu saa kwenye chupa inayoonyesha ndani. Maji yakikaa chini mtayaona. Kisha ichujeni. Akiba ya motere: plagi mbili, pini ya propela, chujio na kamba ya kuwashia.

Sasa tanga, ambako ndiko mashindano ya namna hii huharibikia. Watu hungoja upepo uzidi ndipo wapunguze tanga, na wakati huo boti imeshalala, usukani hausikii, na kijana anapelekwa mbele gizani kufunga mafundo asiyoyaona. Nyinyi punguzeni tanga kubwa hatua ya kwanza, yaani lishusheni kidogo na kufunga sehemu ya chini, jua linapozama, hata kama ziwa ni shwari. Mtapoteza mwendo kidogo, sibishi. Hatua ya pili ni pale mawimbi yanapoanza kuwa na povu jeupe kila upande, au anayeshika usukani anapolazimika kuuvuta kwa mikono miwili. Kabla ya siku yenyewe, fanyeni zoezi hili gatini mkiwa mmefunga macho kwa kitambaa, hadi liishe ndani ya dakika tatu. Kamba ya kupandishia tanga itieni alama ya uzi mnene pale inapopaswa kusimama kwa kila hatua, vidole viisome gizani.

Mkiona umeme wa radi, hesabuni sekunde hadi ngurumo. Sekunde 30 ni kilomita 10, na dhoruba inayotembea kilomita 40 kwa saa itawafikia kwa dakika 15. Upepo wake wa baridi hutangulia mvua. Dakika hizo ni za kushusha tanga kubwa lote, kubaki na tanga dogo la mbele au bila tanga, kufunga milango na kukaa mbali na mlingoti na waya zake. Simu na jipiesi ya akiba vitieni ndani ya sufuria ya chuma yenye kifuniko. Ili radi ipate njia, tandikeni waya wa shaba wa milimita 25 za mraba kutoka mguu wa mlingoti hadi kwenye boliti ya mkuku (uti wa chini wa boti), bila kona kali. Hilo linafaa tu ikiwa mkuku ni chuma kinachogusa maji. Bamba dogo la shaba linalotosha baharini halitoshi hapa, kwa sababu maji ya Kivu hupitisha umeme kwa shida mara makumi kuliko maji ya chumvi.

Waya za mlingoti zipitisheni pamba kuanzia chini hadi juu: ikinasa, uzi mmoja umekatika, na waya huo unabadilishwa wote. Pini zote zifungwe na kufunikwa kwa utepe. Usukani usicheze kwenye bawaba zake. Kila tundu la maji liwe na kigingi cha mti laini cha kuliziba, kimefungwa kando yake kwa uzi. Ndoo mbili imara za lita 9 au zaidi, zenye kamba, ndizo kanuni za mashindano ya baharini zinazodai, na mimi naziamini kuliko pampu yoyote ya umeme.

Jile (jaketi la kuokolea) inavaliwa tangu gatini hadi gatini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikikaribia bandari ya Kituku, Goma, nchi kavu ikionekana. Usiku ongezeni mkanda wa kifuani wenye kamba isiyozidi mita 2, inayonaswa kwenye kamba ndefu iliyolazwa sitahani kutoka mbele hadi nyuma. Mtu akianguka, anayemwona wa kwanza anapiga kelele na kumnyooshea kidole bila kugeuka hata kidogo. Hiyo ndiyo kazi yake pekee. Wa pili anatupa boya lenye taa, wa tatu anabonyeza alama kwenye jipiesi, kapiteni anageuza boti. Kumfikia si kazi ngumu sana. Kumpandisha ndiko kunakowashinda wengi: mtu wa kilo 80 mwenye nguo zilizolowa hainuliki kwa mikono ya watu wawili waliochoka. Andaeni kamba ya kapi yenye kuvuta mara nne, ili wavute kama kilo 25 tu, na mjaribu kwa mtu wa kweli mchana. Maji yana nyuzi 23 au 24, hayaui haraka, lakini saa kadhaa usiku zinatosha kumlegeza mtu.

Zamu: wawili wawili kwa saa tatu, na katika kila jozi awemo mmoja wa wale wenye uzoefu wa usiku. Wa tano hana zamu. Anapika, anaangalia ramani na kuitwa mambo yakichacha. Maji ya kunywa lita 30, yawekwe chini katikati ya boti, si nyuma. Msinywe ya ziwani bila kuyachemsha, kipindupindu hakijaondoka kwetu.

Piteni magharibi ya Idjwi, na mpaka wa Rwanda uwe umechorwa kwenye jipiesi kabla ya kuondoka. Nanga msiitegemee sana: kingo za ziwa zinashuka ghafla, na mita 60 za kamba huenda zisiguse chini mahali ambapo ungetupa jiwe likafika ufukweni. Upande wa kaskazini na ghuba ya Kabuno msilale kando ya mabonde ya ufukweni, kwa sababu ya mazuku, ile hewa ya sumu inayojikusanya mabondeni.

Mwachieni mtu wa Goma karatasi yenye majina, rangi ya boti na nyakati mbili za kupiga simu mkiwa karibu na nchi kavu yenye mtandao. Mkikosa simu ya kwanza asifanye kitu. Mkikosa ya pili, apige simu bandarini palepale, asingoje asubuhi.