Kurudi kihambani: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako. Unauliza kama ni busara kuacha kazi Dar, umlete mkeo na watoto hapa Marangu, Kilimanjaro, mle mnacholima, mlee watoto katika kumcha Mungu na msimtegemee mtu. Yote nayaafiki, isipokuwa hilo la mwisho.

Fikiria mfereji. Maji yanashuka kutoka mlimani, yanapita vihamba vya wenzetu, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, kabla hayajafika kwetu, na wa chini nao wanayangoja. Kila nyumba ina zamu yake. Siku ya kuuzibua watu hutoka na majembe, na asiyetoka hana uso wa kudai maji. Ukija hapa ili usimhitaji mtu, jua la Januari litakukaushia migomba, na hakuna atakayekufungulia maji.

Kazi yenyewe unaijua ya likizo tu. Mti wa mringaringa unatoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, kisha magimbi na maharage. Ng'ombe yuko bandani, anakula majani na vigogo vya migomba, samadi yake inarudi shinani. Kazi hiyo ni ya kila siku, mvua inyeshe, mgonjwa awepo. Chipukizi la mgomba litakupa mkungu baada ya mwaka au zaidi, mche wa kahawa baada ya miaka kama mitatu. Kwa hiyo usiache mshahara ghafla. Ada ya shule hailipwi kwa ndizi.

Kuhusu imani, nikuambie ninavyoiishi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 20, kinampa pumziko hata mnyama, lakini ng'ombe hawezi kushinda njaa. Ndiyo maana Jumamosi nakata majani ya siku mbili, Jumapili ninabaki na kukamua na kunywesha tu. Mkungu ulionona kuliko yote unakwenda kanisani kuwa malimbuko, nasi tunakula uliobaki. Baada ya ibada unanadiwa nje pamoja na mayai na kuku, na nimeona mtu akinunua kuku kisha akampa mjane palepale. Walawi 19 inasema tusivune hadi pembeni mwa shamba, tumwachie maskini na mgeni. Hapa kwetu jirani yangu mzee hukata majani ya mbuzi wake mpakani, wala haombi ruhusa. Hayo ndiyo ninayotaka wajukuu wangu wayaone kwa macho, wayazoee tangu wadogo.

Njooni kwanza Desemba, wakati ninyi nyote mko nyumbani. Dada zako nao wana haki katika kihamba hiki, kwa hiyo tutaketi pamoja, tutazungumza wazi kabla hujang'oa hata kisiki kimoja. Na katika ujumbe wako wote hukuniambia mkeo anasemaje. Mwambie anipigie yeye mwenyewe.

Mama yako