Jibu: Katriji nyeusi nimeijaza wino lakini karatasi inatoka nyeupe

Habari ndugu. Nazungumzia katriji zenye kichwa chake (sehemu yenye vitundu vya kutolea wino) humohumo. Kama katriji yako, baada ya kujazwa, inatambuliwa na printa ila haichapi, usiongeze wino kwanza. Angalia kitundu cha hewa kilicho juu. Kikizibwa na utepe, wino haushuki. Halafu kandamiza sehemu ya kutolea wino kwenye tishu yenye maji ya uvuguvugu, bila kusugua. Tishu ikibaki safi, wino umegandia humo: iache katriji imekaa juu ya tishu hiyo dakika chache, urudie. Katriji ikiacha alama nyeusi kwenye tishu, pangusa vile vidoa vyake vya shaba vinavyogusana na printa. Usafishaji wa kichwa kwa programu ya printa fanya mara moja au mbili tu, unakunywa wino vibaya sana. Ujumbe wa “wino umeisha” usikutishe, printa haijui kwamba umejaza.